Ameagwa, Hajaenda

Shem alifariki masika yalipokuwa yakianza. Mwezi mmoja baada ya kumzika, binti yake mkubwa alinialika kwake Kilimani, ghorofa ya juu kabisa, akaniwekea chai na mandazi, akasema, "Shangazi, kwenye wasifu wa Baba kuna mwaka mmoja hatukupata kitu cha kuandika. Anamaliza kidato cha sita, halafu tunamwona anafundisha. Hapo katikati alikuwa wapi?" Nikamwambia alikuwa kwangu Uthiru. "Akifanya nini?" Nikasema, "Akingoja." Akacheka, akidhani ni mzaha wa wazee, kisha akaniangalia vizuri akaacha kucheka. "Basi tuandikie, Shangazi. Wewe ndiye unayeandika." Ni kweli naandika, tangu nilipoolewa, mistari michache kila siku, lakini mimi shule niliiachia darasa la sita, na mtu akisoma niliyoandika mwaka ule atakuta mvua, mboga tuliyokula na nani aliumwa tumbo. Yaliyokuwa moyoni mwa Shem sikuyaandika kwa sababu sikuyajua. Kwa hiyo hapa nitasema niliyoyaona na niliyoyasikia, na nisipojua nitasema sijui. Sitaki kumpamba ndugu yangu, na sitaki kuwaonea wengine, maana wengi wao hawawezi tena kunijibu.

Alikuja Januari ya mwaka wa sabini na mbili, na sanduku moja la bati, suti mpya, na koti zito jeusi amelikunja mkononi. Tulikuwa na chumba kimoja cha mbao chenye paa la mabati, karibu na ile barabara ya kwenda Naivasha ambayo leo wanaiita Waiyaki Way. Katikati ya chumba nilikuwa nimetundika pazia la maua. Nyuma ya pazia kitanda chetu, mbele ya pazia meza, viti viwili, jiko la makaa na sufuria zangu zimepangwa juu ya kreti. Shem angelala mbele, kwenye mkeka, na mchana mkeka ukunjwe. Mume wangu Wafula, ambaye alikuwa fundi wa mabomba na mtu wa utani hata kanisani, alimpokea mlangoni akamchukulia sanduku. "Karibu Ulaya, shemeji," akasema. "Choo kiko nje, nyuma ya migomba." Shem alicheka sana siku ile. Naliandika hilo kwa sababu watoto wake hawakumjua kama mtu wa kucheka, na ingekuwa si haki wafikiri alizaliwa hivyo.

Lazima nieleze jambo la kuagwa, maana bila hilo mwaka wote hauna kichwa wala miguu. Shem alikuwa ameomba nafasi katika vyuo vinne: hiki cha hapa Nairobi, kimoja Uingereza na viwili Amerika. Majibu yalikuwa bado. Hata matokeo ya mtihani yalikuwa bado. Lakini mwalimu wake mkuu alikuwa amemwambia mama mbele ya watu kwamba kijana huyu hakuna mlango utakaomfungia, na Krismasi ilipofika watu wetu wote walikuwa nyumbani Bungoma, wa Nairobi, wa Kitale, wa reli ya Nakuru, na kwaya ilikuwa kamili. Mzee Yohana, mzee wa kanisa letu, akasimama ibadani. Akasema barua za Wazungu zitakuja Machi au Aprili, na Machi hiyo vijana watakuwa wametawanyika makazini, sasa nani ataimba? Nani atachinja? Afadhali tumuage sasa tukiwa wote, na tushukuru kwa imani, kwa sababu kushukuru baada ya kupokea hata mpagani anaweza. Watu wakaitikia amina. Vijana wa leo nikiwasimulia wanasema tulikuwa washamba. Mimi nilikuwepo, na sikuona ushamba, niliona watu wenye likizo fupi wanaopanga jambo kubwa vizuri. Siku ya mwaka mpya ng'ombe alichinjwa. Fundi alimshonea suti bila kumpima mara mbili. Koti lilitolewa na mjomba, aliyeachiwa na mmisionari mmoja aliporudi kwao. Wazee wakamwekea Shem mikono, na mama akamshika kichwa akamtemea mate ya baraka kwenye paji la uso. Na kwetu mtu akishaagwa namna hiyo, harudi kulala katika boma lile mpaka awe amefika alikoagiwa. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini hata mtoto anaijua. Kurudi ni kama kuwarudishia watu maombi yao mkononi. Kwa hiyo kesho yake Shem alipanda basi la Nairobi, akaja kungojea kwangu jambo ambalo nyumbani walikuwa wamekwisha kulishukuru.

Sisi hatukuwa na sanduku la posta. Barua zake zilikuwa zije kupitia la tajiri wake Wafula, Bwana Harnam, ambaye duka lake la mabomba na masinki lilikuwa mjini, chini karibu na River Road. Wakati ule wote tulimwita Kalasinga tu, kama tulivyomwita kila Mhindi mwenye kilemba, na yeye hakuonekana kujali, lakini jina lake lilikuwa Harnam na mimi nitamwita hivyo. Kila asubuhi ya kazi Shem alivaa shati safi akatoka na Wafula. Wakati mwingine alirudi kwa basi, mara nyingi alirudi kwa miguu, kupitia Westlands na Kangemi, na mimi nilikuwa nikijua kwa jinsi anavyofungua mlango. Nilikwenda naye mara moja, nikasikia mazungumzo yao. Bwana Harnam alikuwa juu ya ngazi akitafuta viungo vya bomba. Hakugeuka. "Wewe mwanafunzi, leo hapana iko," akasema. "Barua hapana tembea kwa miguu kama wewe. Nakuja na ndege. Kunywa chai." Na chai ikaletwa, ya maziwa matupu na iliki, tukainywa tumesimama kati ya vyoo vipya vyeupe vilivyopangwa mistari. Mwaka mzima huo Bwana Harnam hakumfukuza hata siku moja. Alichoka kumwona, hilo lilionekana, lakini hakumfukuza.

Matokeo ya mtihani yalipotoka Shem alikuwa amefaulu. Nasema hivyo kwanza kwa sababu nyumbani baadaye kulisemwa kwamba alianguka. Hakuanguka. Alifaulu vizuri kuliko wengi katika shule yao, ila si vizuri kama mwalimu mkuu alivyotabiri, na vile vyuo alivyoviomba ni vya watu ambao wametabiriwa na ikatimia. Yeye alilijua hilo siku ile ile. Alikaa mezani akakata sukuma wiki kwa ajili yangu, nyembamba sana kama nyuzi, akakata fungu lote, kisha akasema bila kuinua macho, "Dada, labda wataangalia na mambo mengine." Nikamuuliza mambo gani. Akasema, "Sijui. Mtu." Sikuelewa maana yake, na sikuuliza tena. Nikapika ile mboga. Wafula aliposikia habari akampigia makofi, akamwita Profesa, akatoka kwenda kununua nyama.

Barua ya kwanza ilikuja mwezi wa Aprili, kutoka Uingereza. Shem aliisoma mbele yetu kwa Kiingereza, kisha akaitafsiri, kwa sababu alikuwa kijana wa heshima na alijua tunangoja pamoja naye. Walisema walikuwa wamepata maombi mengi kutoka kwa watu wanaostahili, na kwamba wanasikitika. Wafula akaomba asome tena hapo pa kusikitika. Shem akasoma. "Wanasikitika vizuri hawa watu," Wafula akasema. "Tajiri wangu akikataa kitu hata hasikitiki. Anasema toka." Shem akatabasamu. Akala ugali wake wote, na akaongeza. Nilifurahi, nikadhani ni nguvu. Sasa nikiwa mzee naona alikula kwa sababu bado alikuwa na vyuo vitatu, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Kama hapana ingekuja mara moja, yote, mtu angelia akanawa uso akatafuta kazi. Lakini hapana zake zilikuja moja moja, kila moja ikimwachia kidogo cha kushikilia, kidogo kuliko mara ya kwanza, na yeye akikishikilia kwa nguvu zaidi. Ya pili ilitoka Amerika mwezi wa Mei. Hiyo hakututafsiria. Alisema tu, "Na hawa pia," akaiweka chini ya suti kwenye sanduku.

Pembeni yetu alikaa Mama Mutua, mwanamke wa Machakos aliyekuwa akifua nguo kwenye nyumba kubwa za Loresho. Ukuta kati yetu ulikuwa ubao mmoja, na yeye sauti yake haikujua kushuka. Nilimsikia mchana mmoja akizungumza na mgeni wake, mimi akinitaja kwa jina la mtoto wangu: "Huyo ndugu ya Mama Nekesa, wanasema anaenda Ulaya. Mimi naona anaenda Posta. Anaenda, anarudi, anaenda, anarudi. Ulaya gani hiyo iko na kurudi kila jioni?" Mgeni akacheka mpaka akakohoa. Shem alikuwa ameketi mlangoni kwangu akimenya viazi. Aliendelea kumenya. Siku chache baadaye Mama Mutua aliniuliza usoni, "Mama Nekesa, kwani huyu kijana ni wa kusoma ama ni wa kulala?" Nikamkasirikia, nikaacha kumsalimia kwa muda. Lakini Shem alipoacha kula, mwezi wa Juni, ni yeye aliyegonga mlango na bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, akamkalia mbele mpaka akamaliza. "Kula," alikuwa akimwambia. "Mimi mdomo yangu ni mbaya lakini chakula yangu ni mzuri." Yote mawili ni kweli, na yote mawili naandika.

Kulikuwa na baridi kali mwaka ule. Koti la mmisionari tulimfunika nalo mtoto wangu Nekesa, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusimama, na Shem mwenyewe ndiye aliyelitoa. "Halina kazi sasa," akasema. Nilitaka kumwambia litapata kazi. Nilifungua kinywa nikaona sitaweza kulisema kwa sauti ya mtu anayeamini, nikakifunga. Wakati huo chuo cha hapa Nairobi kilikuwa kimekwisha kumjibu. Hicho ndicho nilichokuwa nikikitegemea mimi, kwa sababu kilikuwa karibu, unaweza kushuka basi mjini ukakiona, vijana wamekaa kwenye nyasi na vitabu, na mtu akiona kitu kwa macho yake anafikiri kinawezekana. Walisema nafasi zilikuwa chache mwaka huo. Mimi siwezi kusema walikosea. Nchi ilikuwa na chuo kikuu kimoja na watoto wa nchi nzima walikuwa mlangoni. Shem mwenyewe hakuwalaumu. Alisema, "Mtu lazima abaki nje, dada. Sasa kwa nini isiwe mimi?" Ningependa angelaumu.

Mwezi wa Julai, siku ya Jumamosi mchana, Mzee Yohana alikuja Nairobi kwa mambo ya kanisa, akauliza njia mpaka kwetu. Tulimwona akipanda kilima na kofia yake na mwavuli. Hatukupanga. Shem aliinuka tu na kiazi alichokuwa akila, akaingia nyuma ya pazia, nikasikia kitanda kikilia mara moja kisha kimya. Nyumbani wote walidhani amekwisha ondoka. Mimi sikuwa nimewaandikia uongo, wala sikuwa nimewaandikia ukweli. Mzee akaketi, akauliza habari za kazi, za mtoto, za mvua. Nikamwandalia viazi vitamu na chai. "Na Shem ameandika?" akauliza. Wafula, ambaye mdomo haujawahi kumkauka, akakauka. Nikasema, "Hajaandika, Mzee." Huo haukuwa uongo. "Huko watakuwa wanamshughulisha," Mzee akasema. Akaanza kutueleza jinsi jina la Shem linavyotajwa kila Jumapili, jinsi watoto wa shule wanavyooneshwa kiti alichokalia, na jinsi mama alivyokataa mahindi mapya yasipikwe mpaka kwanza yaombewe kwa ajili ya mwanawe aliye mbali. Alizungumza polepole, kama kawaida yake, na kila neno lilipita kwenye pazia lile kama halipo. Nekesa alikuwa akitambaa miguuni kwetu. Akapita chini ya pazia. Akatoka baada ya kitambo, na mkononi ana kipande cha kiazi, na kiazi hicho hakuingia nacho.

Mzee Yohana akakitazama kile kiazi. Alikuwa na chake mdomoni, akakitafuna mpaka kikaisha, akanywa chai, akafuta kinywa kwa kitambaa. Kisha akasema tuombe. Nimesikia maombi mengi maishani, na mengi nimeyasahau nikiwa bado nimefumba macho, lakini hayo nayakumbuka. Aliomba ameligeukia pazia. "Mwangalie kijana wako huko aliko," akasema. "Kama ni mbali, mwangalie. Kama ni karibu, mwangalie. Na sisi tuliomuaga haraka, utusamehe haraka yetu." Akasema amina, akachukua mwavuli. Mlangoni akanipa mkono, akaushika kidogo zaidi ya kawaida. "Mwanangu, viazi vyako vitamu," akasema, na akateremka kilima. Wafula akanong'ona, "Amejua." Nikasema hajajua. Tukabishana hivyo kwa kunong'ona, wakati mwenye mambo amelala nyuma ya pazia, akisikia kila kitu. Hakutoka mpaka nilipowasha taa. Sijui alikuwa akiwaza nini saa zile zote. Nilidhani atakuwa amelia, nikamwangalia macho, hayakuwa mekundu.

Baada ya hapo Wafula alimtafutia kazi, kuchimba mitaro ya mabomba kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa Loresho. Shem hakukataa. Alichimba vizuri, mitaro yake ilinyooka, Wafula mwenyewe alisema. Jioni moja Wafula alikuja akicheka tangu mlangoni, akatusimulia hivi. Walikuwa wakichimba, likaja gari, akashuka mwenye nyumba, na kijana wa ndugu yake, nadhifu, na vitabu kwapani. Kijana akasimama akamkazia macho Shem. "Shem! Si ni wewe? Si tulisikia uko Amerika?" Na Shem, amesimama ndani ya mtaro mpaka kiunoni, jembe mkononi, akamjibu, "Niko likizo." Wafula alipiga goti lake kwa kicheko. "Likizo! Na jembe! Huyu mtu ana akili, hawa wa vyuo hawajui walichokosa." Shem alikuwa akinawa mikono kwenye karai. Aliendelea kunawa, maji yakawa meusi, akaendelea. Wafula akaona hakuna anayecheka naye. Akaanza kutoboatoboa ugali wake kwa kidole. "Samahani, shemeji," akasema. "Hakuna neno," Shem akasema. "Mimi mwenyewe ningecheka." Nakumbuka tulikuwa na dagaa wa omena siku ile, na walibaki kwenye sufuria.

Kilichobaki kilikuwa chuo cha nne, cha pili cha Amerika. Hicho hakikujibu. Agosti hakikujibu, Septemba hakikujibu, na Shem alijua kuwa Septemba wenzake huko wamekwisha ingia madarasani, lakini alikuwa amesikia kwamba wengine huanza Januari. Sijui alilisikia wapi. Labda ni kweli. Alikuwa akichimba siku tano, na siku ya sita, Jumamosi, anavaa shati safi na kwenda kwa Bwana Harnam. Niliwaza kumwambia aache. Niliwaza pia kwamba nikimwambia aache nitakuwa nimempa hapana mimi dada yake, ambayo hata chuo chenyewe hakikumpa. Mpaka leo sijui lipi lilikuwa jema. Nikabaki kumpigia pasi lile shati. Mwezi wa Oktoba kulikuwa na siku ambazo hakuinuka kwenye mkeka, nikapika nikimruka. Hakuwa mgonjwa. Nikimuuliza alisema, "Nasikiliza tu, dada." Alikuwa akisikiliza nini? Sauti zilizokuwepo ni magari ya barabara kuu na Mama Mutua. Chuo kile hakijajibu mpaka leo. Miaka mingi baadaye, Shem akiwa mwalimu mwenye mvi aliyekuja Nairobi kwa mkutano, nilimsindikiza mjini, na tulipofika River Road alisema ana neno dogo mahali. Dukani sasa alikuwa mtoto wa Bwana Harnam, mtu mnene mwenye miwani. Shem alimsalimia, wakazungumza habari za marehemu mzee, na nikamwona ndugu yangu, huku akizungumza, anaangalia juu ya kaunta, palipokuwa pakiwekwa barua. Hakuuliza. Tukatoka.

Mwanzoni mwa Desemba utingo wa basi la nyumbani alishuka kwetu na ujumbe wa mdomo kutoka kwa mama. "Mama anasema Shem aje Krismasi," akasema. "Anasema aje mchana, watu wamwone." Akaondoka, basi lilikuwa likimngojea. Kwa hiyo walijua. Wafula akanitazama kwa jicho la ushindi kuhusu Mzee Yohana, kisha akaona haya. "Nikafanye nini?" Shem akauliza. "Ukale kuku," Wafula akasema. Shem alinigeukia mimi na akaniuliza kama mtoto anavyouliza, "Nitalala wapi, dada?" Boma lile lilikuwa limekwisha kumuaga. Wengine wakifukuzwa kwao wanafukuzwa kwa kosa, wanajua cha kuombea msamaha. Yeye alikuwa ametolewa kwa mate ya baraka. Nikamwambia tutaona tukifika, na sauti yangu mwenyewe haikunipendeza.

Tulisafiri sote wanne, na basi likatuacha sokoni alasiri. Kutoka hapo ni mwendo wa miguu. Shem alivaa ile suti. Ilikuwa imemlegea. Tulipopita mto tukaona watu wengi mbele ya boma letu, wamesimama, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine. Shem akasimama. "Kuna msiba," akasema, na hata mimi niliamini, kwa sababu ndivyo watu wanavyosimama kwenye msiba. Ndipo wimbo ukaanza. Ulikuwa wimbo wa kupokea, ule anaoimbiwa mtu aliyetoka safari ndefu, na kwaya ilikuwa kamili kama mwaka uliopita. Shem akanishika mkono juu ya kiwiko, akanikaza mpaka nikaumia. "Wanafanya nini, dada? Wanajua sikwenda. Si wanajua?" Mzee Yohana akatujia, kofia mkononi, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, tulikuaga. Mtu aliyeagwa lazima apokewe. Hatuwezi kukuacha njiani." Nimelitafakari neno hilo miaka yote hii. Kuna siku naona ulikuwa wema mkubwa kuliko wote niliouona. Kuna siku naona walikuwa wakifunga hesabu zao na Mungu, na Shem alikuwa tu kitu cha kufungia. Sitaamua. Nilitazama nyuso, na watu wazima wote walikuwa wakijua, na hakuna aliyecheka, isipokuwa shemeji mmoja kijana aliyefinywa na mke wake akanyamaza.

Walimkalisha kwenye kiti nje, mbele ya watu. Maji ya vuguvugu yakaletwa, shangazi zetu wawili wakamvua viatu wakamwosha miguu vumbi la safari. Wakamkausha. Kisha mama akatoka ndani. Alikuwa amekonda pia, hilo hakuna aliyekuwa amenieleza. Alivaa kitambaa cheupe cha kanisani. Akasimama mbele ya mwanawe, na wimbo ukakoma, na akamuuliza swali ambalo msafiri huulizwa, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Umerudi, baba. Huko ulikokwenda, kukoje?"

Angeweza kusema neno lolote. Walikuwa wamempa nafasi hiyo, wamempikia na kumwimbia, angesema kuzuri, angesema kuna baridi, watu wangeitikia amina na ingekuwa kweli ya boma lile. Shem aliangalia miguu yake iliyooshwa. Tukangoja. Nilikuwa nimengoja naye mwaka mzima, lakini kitambo kile kilikuwa kirefu kuliko mwaka.

"Ni mbali, mama," akasema. "Sikufika."

Mzee Yohana aliinamisha kichwa. Mama akainua mkono, nikadhani atamgusa paji la uso, lakini aliushusha begani mwake ukakaa hapo.

"Basi ingia ulale," akamwambia.

Shem akainuka, akapita katikati yetu bila viatu, akainama kwenye mlango mfupi akaingia. Kwaya walikuwa wameandaa wimbo wa pili. Hawakuuimba.